Sukari ya Wageni

"Juu ya nini yeye walimuchoma kidole, na mimi walinituma kutafuta kiti?"

Mama mkubwa aliniuliza hivyo huku akipepeta mchele, bila kuniangalia. Asubuhi ile walikuwa wametoka hospitali ya Kasongo, yeye na mume wake, na sasa mume wake alikuwa amejilaza ndani kama mtu aliyepewa cheo. Mimi nilikuwa likizo, mwaka wangu wa kwanza wa kusoma biolojia Kindu, na pale nyumbani nilihesabiwa kuwa mtu wa majibu. Nilimjibu kwamba mgonjwa alikuwa baba mkubwa. Akasema na yeye anakunywa maji kama mchanga, na yeye anaamka usiku kwenda nje, tena alimweleza muuguzi, na muuguzi akacheka: "Mama, weye shida yako ni jua ya shamba." Kisha akamwomba atafute kiti ili mgonjwa akae.

"Sasa weye mwenye kusoma, niambie. Hiyo jua inachagua wanawake?"

Nilisema labda vijiti vya kupimia sukari vilikuwa vichache. Alipuliza makapi, akasema "haya," ile haya ya kufunga mazungumzo na mtoto.

Yeye ni dada mkubwa wa mama yangu. Wazazi wangu walikuwa Nyangwe, mtoni, na nyumba yake Kasongo ilikuwa karibu na shule, kwa hiyo nilikua kwake, nikilala kwenye chumba cha mpunga, nikinuka mpunga mpaka darasani. Hakuwa na mtoto wa kumzaa. Alikuwa mrefu, mwembamba kama mwiko, na hilo la wembamba ndilo lililomponza, maana kwetu sukari ilikuwa ugonjwa wa wakubwa. Waliugua sukari wafanyabiashara, machifu, watu wenye tumbo na gari. Baba mkubwa hakuwa na gari. Alikuwa karani mstaafu wa serikali. Lakini tumbo alikuwa nalo, na siku ile hospitali ilimpa ushahidi.

"Mmeona," aliwaambia waliokuja kumpa pole, "nimeishi vizuri mpaka damu yenyewe imejua."

Watu wakacheka, na mama mkubwa akacheka pia, akiwa amesimama mlangoni na sinia la vikombe.

Kwetu huendi kumwona mzee mgonjwa mikono mitupu. Unampelekea sukari na sabuni. Basi wakaja na sukari. Walikuja majirani, watu wa kanisa, makarani wenzake, kila mmoja na mfuko wake mweupe umefungwa fundo, kumpa pole ya ugonjwa wa sukari. Nilimuuliza mmoja wao, mzee mwenye adabu sana, kama haoni ajabu. Alinitazama kwa huruma. "Mutoto, sasa nimuletee nini? Chumvi?"

Sukari ya pole hairudishwi, na haipelekwi sokoni, kwa sababu aliyeileta atapita tena na kuuliza kama chai ilikuwa tamu. Lazima iliwe ndani ya nyumba ile. Baba mkubwa alikatazwa. Mimi nilirudi Kindu. Ulibaki mdomo wa mtu mmoja. Mama mkubwa aliinywa kwa niaba ya mume wake, kwenye kikombe kikubwa cha bati cha mume wake, asubuhi kabla ya shamba na alasiri akirudi. Na kwa wali ilikuwa hivyo hivyo. Muuguzi alisema mgonjwa apunguziwe wali, lakini mwanamke anayepunguza sufuria anatangaza kwamba nyumba imeanza kupungua, na yeye hakutaka kutangaza. Alipika kama zamani, akampakulia mume kidogo pamoja na sombe nyingi, majani ya muhogo, na sehemu iliyobaki, sehemu ya mwanamume mwenye tumbo, akaila yeye. Alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu chai ya asubuhi. Nani angemwambia asile?

Likizo iliyofuata nilitangaza mezani kile nilichotoka kujifunza, kwamba ubongo wa mtu unaishi kwa sukari. Nilisema kwa sauti ya mwalimu. Baba mkubwa alipenda sana. "Unasikia?" akamwambia mke wake. "Kunywa. Kichwa chako kiko na kazi kubwa kuliko changu."

Na kweli kichwa chake kilikuwa na kazi. Yeye ndiye aliyeshika zamu.

Wanawake wa upande wetu wa mji hulima mpunga kando ya barabara ya Kabambare, na hakuna anayevuna peke yake. Mpunga ukiiva haungojei. Ndege wanakuja, mvua inakuja, punje zinadondoka. Basi wanavuna pamoja, shamba la huyu leo, la yule kesho, wakikata mashuke kwa visu vidogo, na mwenye shamba anapika. Utaratibu wa nani anafuata nani unakaa kichwani mwa mtu mmoja anayeaminiwa, na mtu huyo husikilizwa bila kuulizwa. Mama mkubwa alikuwa ameishika zamu tangu mimi mtoto. Niliwahi kumuuliza kwa nini hawaandiki. Alisema ukiandika watu wanaanza kugombania karatasi. Hakuwa na mali nyingine ya kujivunia. Mumewe alikuwa na ukarani, mimi nilikuwa na chuo, yeye alikuwa na zamu.

Nilipomaliza masomo nilipata kazi ya kufundisha sekondari Kabambare, mwendo wa siku nzima kwa pikipiki barabara ikiwa na huruma. Nilirudi Kasongo kila likizo, na kila likizo kitu kidogo kilikuwa kimehama. Sufuria ilikutwa kwenye banda la kuku. Aliniita kwa jina la mama yangu, akacheka, akaniita tena hivyo hivyo. Vidonge vya baba mkubwa, ambavyo alikuwa akivitoa kama kengele ya kanisa, sasa alivitoa mara mbili au asivitoe. Baba mkubwa alimtania. "Weye unataka kuniua mapema, uolewe na kijana?" Yeye mwenyewe alizidi kuwa mkali wa akili. Alikuwa na sukari iliyopimwa, iliyotibiwa, iliyopikiwa sombe. Alikumbuka majina ya wakubwa wake wote wa kazi.

Kisha zamu ikaanza kwenda kombo. Asubuhi moja aliwapeleka wanawake kwenye shamba ambalo lilikuwa limeshavunwa. Walisimama katikati ya mabua wakiwa na visu na masufuria, wakadhani ni mzaha. Msimu uliofuata nilikuwepo mimi mwenyewe, likizo, siku waliyokusanyika njia panda kusubiri aseme waende wapi.

"Kwangu," alisema mama mkubwa. "Shamba ya bondeni."

Kulikuwa na jirani yetu mmoja, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Aliangusha kapu lake chini.

"Kwako tulivuna juzi juzi, mama. Wali yako tulikula. Ama tulikula wali ya mashetani?"

"Mulivuna ya huku juu. Ya bondeni bado."

"Kila mutu na zamu yake moja. Ndiyo sheria yako mwenyewe."

"Najua sheria yangu. Na leo ni zamu yangu."

"Juu ya nini iko yako?"

Mama mkubwa alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta. Macho yake yalikwenda barabarani, yakaja kwenye mikono yake, yakaenda tena barabarani, kama mtu aliyeingia chumbani na kusahau alichofuata. Hakupata kitu. Alifunga mdomo, kisha akasema tena, kwa sauti ndogo zaidi, "Iko yangu."

"Ehe!" jirani akageukia wenzake. "Mushika zamu amegeuka mula zamu!"

Walicheka, si wote. Kisha wakaenda kwenye shamba la jirani yule. Mama mkubwa aliwafuata na kisu chake, akavuna pamoja nao mpaka jioni, na alipopelekewa sahani ya chakula akasema ameshiba. Jioni ile kanisani, wanawake wawili walihamisha viti vyao.

Mwizi. Hilo ndilo neno lililoanza kutembea Kasongo. Mwanamke aliyeaminiwa kichwa chake alikuwa anajipa zamu za wengine. Nilibishana na kila mtu, nikauliza ushahidi, nikauliza mtu mwenye nia ya kuiba anaibaje hadharani asubuhi kweupe. Hakuna aliyebadilisha maneno. Niliona afadhali nimwondoe pale kwa muda. Nikamwambia aje kunitembelea Kabambare.

Safarini, juu ya pikipiki, alikaa katikati, kati ya dereva na mimi, na kila daraja la magogo alishuka na kuvuka kwa mguu, kanga ameikunja magotini. Alikunywa maji kila tuliposimama. Tuliposimama mara ya tatu au ya nne nilimtazama akiinua dumu kwa mikono miwili, na nikahisi aibu ya kimasomo, kama mwanafunzi anayeliona jibu likiwa limeandikwa ubaoni muda wote.

Kituo cha afya karibu na shule yetu kilikuwa na mashine ya kupimia na vijiti vichache. Muuguzi alikuwa kijana, na hakuuliza kama mama huyu ni mkubwa wa nini. Alimchoma kidole, akatia damu, akasubiri. Mashine haikutoa namba. Iliandika herufi mbili. Muuguzi alinieleza kwa sauti ya chini kwamba maana yake sukari imepita mahali mashine inapoishia kuhesabu.

Mama mkubwa alikuwa anatazama tone la damu kwenye kidole.

"Kumbe haiumi," alisema.

Alianza vidonge. Kiu ikapungua, usingizi ukarudi, mashavu yakajaa kidogo. Mimi nilisubiri kichwa nacho kirudi. Kwa wiki kadhaa nilijidanganya kwamba kinarudi, kwa sababu siku moja alinisimulia kwa mpangilio mzuri jinsi alivyopika chakula cha harusi yake. Kesho yake alinisimulia tena kana kwamba nilikuwa mgeni.

Nilipomrudisha Kasongo nilimweleza baba mkubwa yote. Akavaa koti lake la kazini, lile la vifungo vya shaba, akachukua fimbo yake na kuniambia nimsindikize shambani. Wanawake walikuwa wanamalizia mpunga wa mwisho wa msimu. Hakuna mwanamume anayeingia kwenye mazungumzo ya zamu, na walipomwona waliacha kukata.

"Wamama," alisema, "muke wangu haibi. Ni mugonjwa. Sukari imekula kichwa yake. Mutoto huyu ni shahidi, amesoma."

Walinitazama, nikasema ndiyo, amepimwa. Jirani mwenye sauti kubwa alishika mdomo wake. "Kumbe! Na siye tulimutukana!" Akaanza kulia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Alifika nyumbani kabla yetu, tukamkuta amepiga magoti mbele ya mama mkubwa, akimwomba msamaha. Wengine walikuja nyuma yake. Walikuja, Mungu atusamehe, na sukari.

Sote tulifurahi. Neno mwizi lilikufa siku ile. Walikubaliana kwamba jirani yule ndiye atashika zamu, na kwamba mama mkubwa asisumbuke tena na mavuno. Wao wenyewe wangemvunia shamba lake kila msimu, mwishoni, wakishamaliza yao, kama msaada.

"Mimi sikuwaomba huruma," mama mkubwa alisema. "Niliwaomba zamu yangu. Ya bondeni."

Mpunga wa bondeni wakati ule ulikuwa chini, umeliwa na ndege.

"Ile zamu ilikuwa yangu," alisema tena, akimtazama mume wake.

"Unaona," baba mkubwa aliniambia kwa upole, mkono wake begani mwa mke wake. "Ni ugonjwa inasema."

Na tangu siku ile ugonjwa ndio uliosema kila kitu. Akisema mboga haina chumvi, ni ugonjwa. Akisema hataki kusikiliza redio, ni ugonjwa. Wakati mmoja alisema bati linavuja juu ya kitanda, na hakuna aliyeinua macho mpaka godoro lilipolowa. Alipokuwa mwizi walau watu walibishana naye.

Ninachokijua sasa nimekisoma kidogo kidogo kwenye simu, juu ya kilima cha Kabambare ambako mtandao unashika. Nilichokitangaza mezani hakikuwa uongo. Ubongo ni kiungo kidogo chenye ulafi mkubwa wa sukari. Lakini sukari ikijaa kwenye damu miaka mingi bila kutibiwa, mishipa midogo inayoipeleka kichwani huharibika, na chembe za ubongo zenyewe huweza kushindwa kuitumia. Ghala limejaa mpunga na kinu kimepasuka. Mtu anakunywa chai tamu, na kichwa chake kina njaa.

Na hatari hiyo haigawanywi sawa. Mwanamume na mwanamke wakiwa na ugonjwa ule ule wa sukari, wote wawili wanasogea karibu na kusahau. Lakini kwa ule usahaulifu unaotokana na mishipa ya kichwa, inaonekana sukari humsogeza mwanamke zaidi. Kwa nini? Nimetafuta, na wataalamu bado wanabishana. Wako wanaoangalia umri wa hedhi kukoma, wakati homoni zinaposhuka na ubongo unabadilisha namna ya kutumia chakula chake. Wako wanaosema wanawake hupimwa wakiwa wamechelewa na hutibiwa kwa ulegevu. Mimi hilo la pili naliamini kwa urahisi mno, ndiyo maana sitaki kulitegemea.

Siwezi kuapa kwamba sukari ndiyo iliyomchukua. Pengine angesahau hata kama angekunywa maji matupu maisha yake yote. Wapo wanaosahau bila sukari, wapo wenye sukari wasiosahau. Mmoja wao anakaa naye nyumba moja. Nimelipindua swali hili kila upande na ninajua haliwezi kunipa hukumu kwa mtu mmoja. Kinachobaki si hukumu. Ni picha ya wageni mlangoni na mifuko yao myeupe, watu wema wote, na yeye akiipokea kwa mikono miwili na kusema aksanti.

Baba mkubwa sasa ndiye anayemkorogea uji. Haongezi kitu. Anauonja kwanza, anampa kijiko, na wageni wakija anawaeleza jinsi alivyosimama shambani na koti lake kulitetea jina la mke wake. Ni hadithi yake kubwa kupita zote za ukarani. Mama mkubwa husikiliza kama wengine, na wakati mwingine huuliza huyo mwanamke alikuwa nani.

Mwaka jana nilipelekwa Wamaza kusimamia mitihani. Kando ya barabara kulikuwa na mwanamke anayekaanga mikate, na aliponiona aliacha mafuta yakitokota, akanikumbatia. Sikumtambua mpaka alipotaja mtaa wetu. Zamani alikuwa anavuna na akina mama mkubwa. Kisha mume wake alifuata dhahabu, naye akamfuata mume. Hakuwahi kurudi Kasongo. Aliuliza mama yetu anaendeleaje. Nilimweleza, naye alisikitika kwa dhati, akinitia mikate mkononi ambayo sikuiomba.

"Na ile shamba yake ya bondeni?" aliuliza. "Ile aliyofungua mupya, mwaka ile niliondoka. Walimuvunia vizuri?"

Nilisema ndege waliila. Nilisema kila mtu alikuwa na zamu moja tu.

"Hapana," alisema. "Yeye alikuwa na mbili."

Asubuhi aliyoondoka, mzigo ukiwa tayari umefungwa kwenye baiskeli, alikuwa amepitia kwa mama mkubwa, wakiwa wawili tu, kumpa zamu yake ya msimu ule, kwa kuwa shamba lake mwenyewe alikuwa ameliacha bila kupanda.